Alama za Mwakani

Mawakili wana kiapo chao, wana majoho yao, na wana mafunzo yao ya kila mwaka ambayo sijasikia hata mmoja anayeyaendea kwa hiari. Usipohudhuria hupati alama, usipopata alama leseni haihuishwi, na leseni isipohuishwa unabaki mtu wa kawaida mwenye suti nyeusi. Ndiyo maana asubuhi ile, mwaka ukiwa umebakiza mwezi mmoja tu, ukumbi ulijaa mawakili wa kesi za ajali na majeruhi, wale wanaodai fidia na wale wanaozitetea kampuni za bima, wote wakipiga miayo. Alama za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kufungwa. Hizi za leo zilihesabiwa kwa leseni ya mwakani, na wakili mwenye akili zake huzichukua mapema ili apumzike na moyo mweupe.

Bwana Pingamizi alifika kabla wahudumu hawajamaliza kupanga viti. Hilo silo jina alilopewa na wazazi wake. Makarani wa mahakama ndio waliombatiza, kwa sababu hajawahi kumwacha mwenzake amalize sentensi bila yeye kusimama na kupinga. Kampuni za bima zilimpenda mno. Mtu akianguka kwenye ngazi za duka akavunjika mguu, Bwana Pingamizi ndiye aliyekuja kumuuliza kama viatu vyake vilikuwa na soli. Na katika maisha yake ya kazi hajakiri kitu. Mwambie mvua inanyesha, atakwambia hilo ni la mdai kulithibitisha.

Sasa mtu huyo, mgane wa makamo, mkavu kama faili la zamani, alikuwa amependa. Tena si kupenda kwa kawaida. Alikuwa amekufa ameoza.

Aliyemwozesha hivyo alikuwa Mama Fidia. Naye jina hilo alipewa palepale mahakamani, maana majeruhi wote wa mji walikuwa wake: waliogongwa, walioangukiwa na mbao, walioteleza, walioungua. Alitembea na picha za mifupa ya watu kwenye bahasha kubwa kwapani, na kicheko chake kilisikika kutoka masjala hadi maegeshoni. Kwa miaka mingi yeye na Bwana Pingamizi walivaliana njuga mbele ya hakimu, wakatoleana maneno ya kuchoma, kisha wakashuka pamoja hadi kwenye mgahawa wa mahakama wakanywa chai kwenye benchi lilelile. Mumewe Mama Fidia alipofariki, benchi halikubadilika. Mkewe Bwana Pingamizi alipofariki, halikubadilika pia, ila siku moja Bwana Pingamizi aligundua kwamba anazipanga kesi zake kwa kuangalia Mama Fidia yuko mahakamani siku gani. Alishtuka. Akajipinga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza pingamizi lake likatupwa.

Na hapo ndipo alipokaa, kimya, msimu baada ya msimu. Mdomo unaowanyamazisha mashahidi ulikuwa, kwa jambo hili, domo zege kabisa.

Hadi wiki iliyopita, karani wa masjala alipomwambia huku akigonga mihuri, "Mzee, umesikia? Mama Fidia anafunga ofisi. Mwanawe amemwita huko ughaibuni akakae nao."

Bwana Pingamizi alisema, "Aha." Alitoka nje akasimama karibu na gari la mtu mwingine kwa muda mrefu akijaribu kulifungua. Mama Fidia akishaondoka, benchi lile litabaki benchi tu, na yeye atabaki mzee anayekunywa chai peke yake. Aliapa kwamba siku ya mafunzo, ndani ya ukumbi huo huo, atasema. Akishindwa siku hiyo, basi tena.

Nyumbani, asubuhi ya mafunzo, alikuwa amejifungia bafuni akifanya mazoezi. Binti yake, mfamasia anayekaa naye, alisimama mlangoni na mswaki mkononi akisikiliza.

"Kwa heshima kubwa," kioo kiliambiwa, "naomba kuwasilisha mbele yako kwamba..."

"Baba," binti akaita, "unaenda mafunzo au unaenda kuposa?"

Kilichojibu ni kikohozi kirefu cha uongo.

"Tai hiyo ya kijivu ivue," binti akasema. "Vaa ile nyekundu. Na Shangazi msalimie sana."

Shangazi ndilo jina alilomwitia Mama Fidia tangu akiwa na sare za shule, alipokuwa akimsubiri baba yake mahakamani na mama huyo akimpa biskuti. Bwana Pingamizi alivaa tai nyekundu, akisema ni kwa sababu ile ya kijivu ina doa.

Mama Fidia aliingia ukumbini amechelewa, kama kawaida yake, akiwasalimia watu meza kwa meza. Alipofika kwa Bwana Pingamizi alisimama.

"Heh! Tai nyekundu. Kuna nini, umeshinda kesi au umefiwa na ile ya kijivu?"

Bwana Pingamizi alifungua mdomo. Ndani kulikuwa na maneno mazuri ya bafuni, yamepangwa vizuri. Yaliyotoka ni, "Chai iko kule."

"Asante, Wakili msomi," akasema Mama Fidia, akaenda zake kwenye birika.

Mwezeshaji wa siku hiyo alikuwa wakili mwanamke aliyejifunzia kazi kwenye ofisi ya Bwana Pingamizi, enzi ambazo alirudishiwa kila hati aandike upya hadi machozi yamtoke. Sasa ilikuwa zamu yake. Aliamuru simu zizimwe, akamtazama mwalimu wake wa zamani hadi akaizima ya kwake. Projekta ilikataa kuwaka, ikabembelezwa, ikawaka ikionyesha picha juu chini. Mada ilikuwa suluhu nje ya mahakama kwenye kesi za majeruhi.

"Tukumbushane la msingi," mwezeshaji akasema. "Mazungumzo ya suluhu hufanyika bila kuathiri haki za pande zote. Ukitoa ofa mezani, ukikiri jambo mezani, halitoki hapo. Mwenzako akikataa, hawezi kwenda nalo kwa hakimu na kusema, huyu alikubali. Ni kama halikusemwa. Kinga hiyo ndiyo inayowapa watu ujasiri wa kusema ukweli."

Ukumbi ulizidi kusinzia, maana hakuna wakili asiyeijua kanuni hiyo. Bwana Pingamizi mwenyewe ndiye aliyemfundisha mwezeshaji. Lakini leo ilimwamsha kama mtu aliyemwagiwa maji. Kusema, na ukikataliwa iwe kama hukusema! Benchi libaki, chai ibaki, aibu isiwepo. Akajilaumu kwa kuteseka bafuni wakati dawa ilikuwa kwenye kabati lake la vitabu.

"Sasa zoezi," mwezeshaji akaendelea. "Wawili wawili, na mnabadilishana upande. Wa bima atamtetea majeruhi, wa majeruhi ataitetea bima. Mkirudi, kila jozi itatueleza imefikia wapi. Jozi isiyofikia suluhu haipati alama."

Miguno ikapanda. Akaanza kutaja jozi, na alipofika kwa Bwana Pingamizi na Mama Fidia ukumbi ulipiga makofi, kwa sababu kila mtu alitamani kuwa nzi kwenye ukuta wa chumba hicho.

Hawakupewa chumba. Walipewa meza ndogo kwenye ujia, kati ya mlango wa jikoni na ndoo ya kudekia, wahudumu wakipita na masinia ya vikombe. Kesi yao ya kubuni ilikuwa ya mpiga picha wa harusi. Alikuwa akirudi kinyumenyume uani ili apate picha ya maharusi wakitoka, akatumbukia kwenye shimo ambalo mwenye ukumbi aliliacha bila mfuniko. Bega likavunjika, kamera ikasagika, na tangu hapo mkono haupandi juu ya kifua.

Mama Fidia alivaa miwani, akakunja uso, na kwa sauti ya puani ambayo Bwana Pingamizi aliitambua mara moja kuwa ni ya kwake, akaanza.

"Wakili msomi, mteja wako ana macho?"

"Anayo."

"Siku hiyo macho yake yalikuwa wapi?"

"Kwenye kamera, alikuwa kazini, na mwenye ukumbi alipaswa..."

"Pingamizi!"

"Sijamaliza!"

"Mimi huwa namaliza?" akauliza Mama Fidia kwa upole mkubwa. "Mtu mzima anatembea kinyumenyume. Hajitakii huyo? Alivaa viatu gani? Vilikuwa na soli?"

Mhudumu aliyekuwa akipita alicheka hadi vijiko vikalia. Bwana Pingamizi alijikuta anatokwa jasho. Hajui watu wanavyojitetea upande huu. Miaka yote alikuwa amesimama pale kwenye ukingo wa shimo akiuliza maswali, na leo yumo ndani anaulizwa yeye. Aliikunja karatasi ya zoezi, akaiweka pembeni.

"Sikiliza," akasema. "Mtu huyu hakuwa mzembe. Alikuwa anatazama furaha ya watu. Mtu akitazama furaha namna hiyo hawezi kutazama miguu yake. Kama wewe umemwachia shimo wazi nyuma yake, usimuulize macho yake yalikuwa wapi. Muulize bega linamuuma kiasi gani."

Mama Fidia alivua miwani. Sauti ya puani ilikuwa imemtoka.

"Maneno kama haya," akasema, "miaka yote hii ulikuwa umeyaficha wapi?"

Bwana Pingamizi aliona mlango umefunguka. Akapiga moyo konde.

"Nina jambo jingine la kuweka mezani. Lisiloihusu kesi hii. Naliweka bila kuathiri haki."

"Liweke."

"Nasikia unaondoka."

"Nani kasema?"

"Karani wa masjala."

"Haya. Endelea."

"Usiondoke. Yaani, ukitaka kuondoka ni haki yako, siipingi." Alijisikia akisema siipingi, akashangaa kama ni yeye. "Lakini mimi nikinywa chai bila wewe haina ladha. Nimekuzoea... hapana, kukuzoea siyo neno. Nakupenda. Naomba tuoane. Nimemaliza."

Mlango wa jikoni ulifunguka ukajifunga. Mama Fidia alizungusha kalamu mezani.

"Ofa hiyo ina ukomo wa muda?"

"Haina."

"Na umesema ni bila kuathiri haki."

"Ndiyo."

"Sikubali," akasema Mama Fidia.

Bwana Pingamizi alihisi sakafu imeondoka. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea hukumu, akaanza kuzikusanya karatasi zake. "Vema. Basi kanuni inasema ni kama sikusema. Turudi kwa mpiga pi..."

"Tulia wewe mzee, nami sijamaliza! Sikubali hiyo kinga yako. Unaniletea neno kama hilo limefungwa kamba kiunoni, nikikataa ulivute lirudi? Mimi nimewatetea waliovunjika maisha yangu yote. Daktari hamtibu mtu anayeficha panapouma. Hilo neno liseme kweupe, mbele za watu, liweze kutumika dhidi yako. Ama ulimeze."

"Mbele za watu gani?"

Mwezeshaji alipiga kengele. Muda ulikuwa umekwisha, na kuhusu mpiga picha hawakuwa wameandika hata mstari.

Walirudi ukumbini, Mama Fidia akitangulia, mgongo wake haumwambii kitu. Jozi zikasimama moja baada ya nyingine zikaeleza suluhu zao, zikapigiwa makofi ya uvivu. Bwana Pingamizi hakusikia hata moja. Alikuwa akiwatazama wale mawakili, nusu yao aliwahi kuwaaibisha kortini, nusu iliyobaki wakisubiri zamu ya kumwaibisha. Akifungua mdomo hapa, mji mzima utajua kabla chai ya mchana haijapoa. Asipoufungua, Mama Fidia atapanda ndege.

"Jozi ya mwisho," mwezeshaji akaita, akitabasamu kuliko ilivyohitajika. "Mmeafikiana?"

Bwana Pingamizi alisimama.

"Kuhusu mpiga picha, hapana. Kosa ni langu. Nakiri."

Kelele zilizozuka! Kuna wakili mmoja aliyeanguka kutoka kwenye kiti chake, na mwingine akaomba neno hilo lirudiwe ili alirekodi. Bwana Pingamizi akiri! Aliinua mkono wakatulia.

"Nakiri na jingine. Kule kwenye ujia nilimwomba wakili mwenzangu tuoane, nikajificha nyuma ya kanuni ili akikataa nisionekane mjinga. Naiondoa kinga hiyo. Nampenda mama huyu. Nimempenda muda mrefu, na nimeogopa muda huohuo. Ninyi nyote ni mashahidi, na mkitaka kuyatumia maneno haya dhidi yangu, yatumieni."

Kutoka nyuma kabisa mtu akapaza sauti, "Pingamizi!" na watu wakavunjika mbavu, meza zikapigwa, hata projekta ikazimika yenyewe.

Mama Fidia alisimama taratibu. Aliinua kidole, wakanyamaza.

"Kabla sijajibu," akasema, "nina maswali machache kwa shahidi. Wakili msomi, mafunzo haya ya leo, alama zake ni za leseni ya mwaka gani?"

"Ya mwakani."

"Una hakika?"

"Kila mtu humu anajua."

"Na wakili anayefunga ofisi, leseni ya mwakani ni ya kumfanyia nini? Kufungia maandazi?"

Mtu wa meza ya mbele alisema "Lahaula" polepole.

"Mwanangu aliniita, ni kweli. Nitakwenda niwaone wajukuu, niwaharibu kwa peremende, nirudi. Hayo karani hakuyasikia kwa sababu mihuri yake ina kelele." Akamgeukia mwezeshaji. "Na wewe, mwanangu, waambie. Nani alikupigia simu akaomba nipangwe meza moja na nani?"

Mwezeshaji alijifunika uso kwa makabrasha. "Ni wewe, Mama."

"Asante. Sasa, Wakili msomi. Nimejiandikisha mafunzo ya leseni ya mwakani. Nimeomba meza moja nawe. Nimekaa nawe benchi moja miaka yote hii, na chai ya mgahawa ule unaijua ilivyo mbaya. Ushahidi wote huo ulikuwa mbele yako. Ulikuwa ukiwauliza watu wangu kila siku, na leo nakuuliza wewe." Sauti yake ilikuwa imeacha mchezo. "Macho yako yalikuwa wapi?"

Bwana Pingamizi alimtazama.

"Yalikuwa kwako," akasema. "Nilikuwa natembea kinyumenyume."

Mama Fidia aliziba mdomo kwa mkono. Kicheko kilimshinda, na machozi pia, vyote vikatoka pamoja, na mle ukumbini watu wazima wenye suti nyeusi walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Nimekubali," akasema alipoweza. "Na iandikwe hivyo."

Kelele zilipopungua, mwezeshaji aligonga meza. Alikuwa amejikausha machozi kwa karatasi ya mahudhurio, lakini kazi ni kazi, na alikuwa amefundishwa kazi na mtu mkali.

"Hongereni sana. Ila kesi mliyopewa ni ya mpiga picha, na mpiga picha bado yumo shimoni. Alama sitoi. Rudini kwenye ujia mkamalize."

"Hati irudiwe?" akauliza Bwana Pingamizi.

"Irudiwe," mwezeshaji akajibu, kwa furaha ya miaka mingi.

Wakarudi kwenye meza yao kati ya jikoni na ndoo. Safari hii Bwana Pingamizi hakukaa ng'ambo. Alikivuta kiti chake akaja kukaa upande wa Mama Fidia, na mhudumu akawaletea chai bila kuagizwa. Bwana Pingamizi aliwasha simu yake, ikaita papo hapo.

"Baba! Tai imefanya kazi?"

"Zoezi tumefeli," akasema Bwana Pingamizi. "Tunalirudia."

"Na Shangazi je?"

Alimtazama Mama Fidia, aliyekuwa amevaa tena miwani yake na kuinamia karatasi za yule mpiga picha.

"Huyo," akasema, "itabidi umtafutie jina jingine la kumwita."

Binti alipiga yowe lililowashtua wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri dawa dirishani kwake. Mama Fidia alilisikia kutoka kwenye simu, akacheka, akaandika kitu chini ya karatasi, kisha akampa Bwana Pingamizi kalamu asaini. Kwa niaba ya kampuni ya bima, alikuwa amemlipa mpiga picha kila alichodai: bega, kamera, na zile picha za harusi ambazo hakuwahi kuzipiga.

"Unapinga?" akauliza.

"Sipingi," akasema Bwana Pingamizi, akasaini.